Mkono Mmoja Mfukoni

Kabungu, 14 Mei 1956

Kwa Josephat Mihambo, mjukuu wa wapagazi, fundi wa redio, Tabora.

Mtani,

Kabla hujasoma, tua kwanza huo mzigo ulio kichwani, maana Mnyamwezi asiye na mzigo sijamwona. Mimi nipo. Nakula, nacheka, meno yaliyobaki yanatosha nyama laini. Mke wangu Kasilda anakusalimu, anauliza umeshaoa au bado unalala na redio.

Sasa habari yenyewe. Lile boksi lako la kupaza sauti limekufa. Nasema lako, ingawa ni la kigango, kwa sababu ni wewe uliyeliokota kwenye takataka za klabu ya mgodi ukalifufua, na siku ulipohama Mpanda ukaniachia mimi nililinde. Mpaka leo sijui uliona nini kwangu. Labda sura ya uaminifu.

Lilikufa hivi. Jumapili baada ya misa katekista Bartolomeo alisimama pale nje kutangaza habari za sikukuu. Boksi likanguruma kama chui aliyekanyagwa, likatoa harufu ya mshumaa, likanyamaza. Bartolomeo hakujali, akaendelea kuongea, mdomo unafunguka unafumba kama samaki, neno halitoki. Watu wanatikisa vichwa kana kwamba wanamsikia. Wana adabu sana watu wa kigango hiki.

Ningekuacha ulale, lakini nina shida ya kweli. Mwaka huu sikukuu ya Kupalizwa Bikira Maria, mwezi wa nane, inafanyika hapa kwetu. Watakuja watu wa Mpanda na wa vigango vyote, uwanja utajaa. Na Padre amemchagua Cecilia aimbe wimbo peke yake. Cecilia ni mjukuu wangu, yule uliyekuwa unampa betri zilizokufa achezee. Sasa ni msichana. Nyumbani anaimba akitwanga, lakini watoto wa siku hizi wanaimba chinichini, kama wanaogopa wimbo usiibiwe. Siku hiyo nataka nimsikie, neno kwa neno. Sijawahi kumsikia hivyo.

Basi niambie nifanye nini. Usiseme nilitume Tabora. Bartolomeo amekataa boksi lisipande treni, anasema halitarudi, anawajua nyie.

Mimi mkubwa wako,
Krispini Kapele


Tabora, 25 Mei 1956

Mzee Krispini, mtani wangu,

Nimecheka hadi mwenye duka la jirani akaja kuniangalia. Nyie Wafipa mnasifiwa nchi nzima kwa kutuma radi usiku imfuate mtu kwao, halafu betri moja ya gari imekushinda?

Sikiliza sasa, hapa sitanii. Ndani ya lile boksi kuna umeme mkali kuliko wa betri. Betri inaingiza umeme mdogo, kitetemeshi kinaukatakata, transfoma inaukuza. Ukiugusa vibaya utakurusha. Kwa hiyo kila unapofungua mgongo wa boksi likiwa limewashwa, mkono wa kushoto uuweke mfukoni. Mkono mmoja tu ndio unafanya kazi. Umeme ukikosa mkono wa pili hauna pa kupita kifuani. Mafundi wote wazima wanafanya hivyo. Wasiofanya hivyo huwezi kuwauliza.

Fanya hivi, kwa mfuatano huu. Kwanza washa, sikiliza kile kikopo cheupe cha bati kilicho pembeni. Hicho ndicho kitetemeshi, kinatakiwa kulia mfululizo kama nyuki. Kisha tazama valvu, zile chupa za kioo zilizosimama. Kila moja iwe na wekundu kidogo tumboni. Mwisho, lamba kidole, gusa ule mkia wa waya ulio juu ya kichwa cha valvu ya kwanza, ile iliyo karibu na tundu la maikrofoni. Hapo hapana umeme mkali, usiogope. Spika ikinguruma, ujue njia yote ni nzima. Isiponguruma, ubovu uko mbele huko.

Niandikie ulichoona. Mwambie Cecilia namsalimu, na Mama Kasilda mwambie redio haigombani na mtu.

Mtani wako,
Josephat


Kabungu, 6 Juni 1956

Mtani,

Umeniletea matatizo ndani ya nyumba. Kanzu yangu haina mfuko. Kaptura ya mgodini ilikuwa nayo, lakini tumbo limekua na kaptura haikukua. Ikabidi Kasilda anishonee mfuko kwenye kanzu, upande wa kushoto, kwa kitambaa cha maua kwa sababu ndicho kilichokuwepo. Akaniuliza wa nini. Nikamwambia wa kuwekea mkono. Akanishika paji la uso kuona kama nina homa.

Haya, majibu. Kile kikopo cheupe hakilii hata kidogo. Nilikaa nacho kama mganga na mgonjwa, kimya. Lakini nikikishika kinatetemeka kama panya uliyemkamata. Sasa hapo sijui.

Valvu zote zina wekundu isipokuwa ile nene, karibu na spika. Hiyo ni baridi, na kichwani kioo chake kimekuwa cheupe kama kimemwagiwa maziwa. Chini yake kuna kimtungi cha karatasi kimetoa nta, ndiyo ile harufu ya mshumaa. Nilidhani nimesikia harufu ya utakatifu wa Bartolomeo.

Kidole nililamba, nikagusa. Hakuna kitu. Nikalamba tena, labda mate ya Mfipa ni ya uchawi sana. Hakuna.

Cecilia amekuja amesimama nyuma yangu wakati nimeinama, mkono mmoja mfukoni, kidole kimoja mdomoni. Amecheka akakaa chini. Wimbo wake ameshaanza kujifunza. Namwona anatembeza mdomo akichota maji.

Fanya haraka.
Krispini


Tabora, 15 Juni 1956

Mzee wangu,

Umenieleza vizuri kuliko wanafunzi wangu wawili ukiwachanganya pamoja. Ile valvu nene imeingia hewa. Kioo kikiwa cheupe namna hiyo ni maiti, zika. Na kile kimtungi kilichotoa nta ndicho kilichoiua. Kinaitwa kondensa. Kazi yake ni kuzuia umeme mkali usivuke, nacho kimeachia. Ukiweka valvu mpya bila kubadilisha kondensa utaua na ya pili.

Vyote viwili nimemkabidhi gadi wa treni ya Mpanda, ndani ya kopo la maziwa lililojaa pamba. Valvu inaingia kwenye matundu yake kwa njia moja tu, usiilazimishe. Kondensa ichomelee kwa lehemu. Betri itoe kwanza, kisha subiri boksi lipoe. Chuma cha kuchomelea kipashe kwenye makaa mpaka lehemu iyeyuke kama siagi, na ing'ae inapokauka. Ikiwa na rangi ya majivu umeharibu, rudia.

Kitu kimoja kinanisumbua. Kitetemeshi kikitetemeka lazima kilie. Haiwezekani kifanye moja kiache jingine. Nitalifikiria.

Josephat


Kabungu, 2 Julai 1956

Mtani,

Kopo limefika. Gadi alitaka kujua ni nini, nikamwambia ni radi, natumiwa kutoka Tabora kwa matengenezo. Aliliweka chini taratibu sana.

Nimechomelea. Lehemu inang'aa, Kasilda shahidi. Nimeweka valvu, nimerudisha betri, mkono kwenye maua. Ile valvu nene ikawaka nyekundu. Nikalamba kidole nikagusa, na spika ikanguruma, nikaisikia hadi miguuni. Nikapiga kelele nikimsifu babu yako mpagazi.

Halafu nikaweka maikrofoni mbele ya Cecilia. Mtani, hapo ndipo uchungu ulipo. Ngurumo iko, wimbo hakuna. Ni kama mtu anayeongea ndani ya mtungi uliofunikwa. Kuna wuu, wuu, maneno hayatoki. Nikafungua kile kitasa cha sauti mpaka mwisho. Wuu ikawa kubwa, maneno bado.

Na watu wa hapa sijui wamefundishwa na nani utani. Jirani yetu Getrude alitoka kwake ameziba masikio kwa mikono miwili. Mbuzi wa Bartolomeo walikata kamba, naye akaja kuniambia ni boksi langu limewatisha. Nikamwambia, boksi lenyewe halisikiki hata hapa lilipo, mbuzi wako wamesikia nini? Akasema, "Mzee Krispini, utani mwingine una mwisho wake," akaondoka.

Kwa hiyo nimebaki na boksi linalonguruma bila kusema. Niambie lingine.

Krispini


Tabora, 10 Julai 1956

Mzee Krispini,

Nimesoma barua yako mara kadhaa. Fanya jaribio moja zaidi, la macho, lisilotaka sikio. Chukua balbu ndogo ya tochi. Iunge na nyaya zile mbili zinazokwenda kwenye spika, waya mmoja ubavuni, mmoja chini. Mwambie Cecilia aimbe. Sauti ikiwa ndogo, balbu haitawaka. Ikiwa kubwa itawaka, na kadiri anavyoongeza ndivyo itakavyong'aa.

Niandikie balbu imefanya nini. Na uniambie ulifanya kazi gani mgodini baada ya mimi kuondoka. Nakumbuka nilikuacha juu, kwenye kompresa, ile mashine ya kusukuma upepo.

Josephat


Kabungu, 21 Julai 1956

Bwana fundi,

Balbu iliwaka. Cecilia alipoanza iling'aa, alipopandisha ikawa nyeupe, halafu ikaungua pu. Na wimbo hakuna. Balbu yangu ya tochi imekufa bure, sasa usiku nakanyaga kuku.

Nadhani umenitumia valvu kuukuu, iliyotoka kwenye redio ya marehemu fulani. Sikasiriki. Mnyamwezi akibeba mzigo mbali hivyo lazima apunguze.

Mgodini nilikaa kwenye kompresa miaka mingi, na miaka ya mwisho walinishusha chini kwa wapiga baruti. Hilo linahusu nini boksi?

Nimeamua jambo. Nimemwambia Cecilia asiimbe. Sitaki mjukuu wangu asimame mbele ya watu wa Mpanda anatembeza mdomo kama Bartolomeo, halafu waseme mtoto wa Kapele hana sauti. Jumapili nitamwambia Padre achague mwingine. Yeye amelia, haongei na mimi. Hata Kasilda ananipa ugali bila neno. Afadhali walie leo kuliko siku ya sikukuu.

Boksi nimelifunika kwa gunia.

Krispini Kapele


Kabungu, 23 Julai 1956

Shemeji Josephat,

Ni mimi Kasilda ninayeandika. Kusoma na kuandika nilifundishwa na masista nikiwa binti kule Kibaoni, ingawa sikukaa sana. Barua hii mzee hajui.

Lile boksi lako ni zima. Linaita mpaka bati la kanisa linatetemeka. Siku ile Cecilia alipoimba watu walisimama njiani, walioko mashambani wakauliza kuna sikukuu gani. Mbuzi walikata kamba kweli. Getrude aliziba masikio kweli. Mzee amesimama katikati anafoka kwamba halisikiki, na wote wakadhani ni zile zake. Wewe unamjua. Siku aliyoteguka mguu tulimcheka njia nzima hadi zahanati, kwa sababu kila siku alikuwa akiigiza kuchechemea.

Mimi nimejua zamani kidogo. Ukimwita kwa nyuma hageuki. Anatazama midomo. Akikosa neno anatupa mzaha, watu wanacheka, maneno yanapita. Na baruti ndizo zilizofanya hivyo, maana alianza akiwa huko huko mgodini.

Nani amwambie? Watoto wake hawawezi. Mimi nikimwambia atasema namzeesha, ataacha kula nyumbani. Bartolomeo ndiyo kabisa. Nikakumbuka msiba wa Fabiani, kaka yake mzee. Sisi wote tulikuwa tunalia, mzee amekaa kama jiwe, hanywi hata maji. Nyie watani mkaja, mmoja wenu akavaa koti la marehemu, akatembea uwanjani akikohoa kile kikohozi chake. Sisi tungefanya hivyo tungepigwa. Mzee alicheka, na baada ya kucheka ndipo alipolia, akanywa maji.

Basi hili ni lenu. Fanya kabla sikukuu haijafika. Padre nimemwomba asichague mwingine kwanza.

Kasilda


Tabora, 30 Julai 1956

Krispini Kapele, mpanda ungo, mtani wangu,

Tua ungo chini, nimepata kosa.

Nimekaa na barua zako zote mezani kama karata. Kitetemeshi kinatetemeka lakini "hakilii". Valvu zinawaka. Spika inanguruma ukaisikia miguuni. Balbu imeungua kwa nguvu ya sauti ya mtoto mmoja wa kike. Hata mbuzi wametoa ushahidi, na mbuzi hawana utani na mtu. Kwenye boksi hakuna kosa. Kosa liko nje ya boksi, limegawanyika mara mbili, moja kushoto moja kulia, na katikati yake kuna kichwa cha Mfipa.

Umekuwa kiziwi, mzee. Nalisema mimi kwa sababu ni haki yangu, na nisingelisema leo ungekuja kunidai hata kaburini. Kompresa imekula nusu, baruti zikala nusu, zimekuachia ngurumo peke yake. Bartolomeo alipotembeza mdomo kama samaki, wenzako walikuwa wanamsikia. Pole kwao.

Usifanye hasira mpaka umefungua kifurushi. Humo kuna vikombe viwili vya masikio vya simu ya upepo, vya kizamani, upinde wake nimeunyoosha utoshe hicho kichwa. Waya zake mbili ziunge pale pale ulipounga balbu. Ndani ya waya nimeweka kizuizi kidogo ili sauti isikutoboe. Kitasa kianzie chini, upande taratibu.

Na hakuna atakayejua lolote. Kila fundi wa kupaza sauti mahali pakubwa anavaa vitu hivi, ndivyo anavyojua kama maikrofoni inasema sawa. Ukikaa navyo kando ya boksi, watu watasema, huyu mzee kumbe ni fundi. Ukikaa bila kuvivaa, watasema ukweli.

Mtoto aachwe aimbe.

Josephat Mihambo


Tabora, 9 Agosti 1956

Mzee wangu,

Gadi ameniambia kifurushi alikupa mkononi na hukumtania hata neno. Hilo limenitisha. Kama nimevuka mpaka, niandikie matusi, hata ukurasa mmoja. Usininyamazie tu.

Josephat


Kabungu, 18 Agosti 1956

Kwa mpagazi Josephat, Tabora.

Mtani,

Matusi uliyoomba yatakuja na barua nyingine. Nayaandaa vizuri, hayatakiwi haraka.

Barua yako niliisoma nyuma ya banda la kuku. Nikaichana. Nikaokota vipande nikavisoma tena, maana sehemu ya mbuzi ilikuwa nzuri. Vikombe vyako nikavitupa chini ya kitanda. Kasilda hakuniuliza kitu, na hapo nikajua nani ana wino mweusi kidoleni. Usimtetee. Nimeishi naye muda mrefu kuliko wewe ulivyoishi na redio.

Siku moja kabla ya sikukuu wote walikwenda kupamba uwanja. Nikavuta vikombe chini ya kitanda. Nikaunga waya, nikawasha, nikavaa. Cha kwanza nilichosikia ni kile kikopo cheupe. Mtani, kinalia. Nyaa, nyaa, nyuma ya kila kitu, kama ulivyosema, kama nyuki. Nikakaa nacho tu nikikisikiliza, nikasahau kwamba betri inakwisha. Halafu kwenye maikrofoni nikasikia jogoo wa Getrude, na mtu anakata kuni mbali huko, na nyayo. Nyayo zilikuwa za Cecilia, amerudi kuchukua maua. Nikamwambia bila kugeuka, "Nimekusikia unakuja. Kesho utaimba." Akasimama. Kisha nikasikia kitu kama mtu anavuta makamasi, nikamwambia na hicho pia nimekisikia.

Siku yenyewe nilikaa kando ya boksi, vikombe masikioni, kanzu yenye mfuko wa maua. Watu wa Mpanda walinizunguka. Bartolomeo akaniuliza kwa heshima hii ni nini. Nikamwambia mambo ya mitambo, hatayaelewa. Akaita wenzake waje waone. Na alipotangaza nilimsikia kila neno, na kweli uliyosema, pole kwao.

Sasa Cecilia. Alipoimba nilifumba macho ili nisimsaidie kwa kutazama mdomo. Nikamsikia. Kwenye ubeti wa pili alisahau mstari, akarudia wa kwanza haraka, akadhani hakuna aliyejua. Mimi nilijua. Na nikuambie siri nyingine, anaimba kwa pua. Watu wote wametoka pale wanasema malaika, malaika. Si malaika, ni pua. Nilipomwambia Kasilda usiku, akasema, "Siku zote anaimba hivyo, baba yake pia alikuwa hivyo, nawe ulikuwa hivyo ujanani." Sikujua mtani. Miaka yote mtoto yuko ndani ya nyumba yangu, sikujua anaimba kwa pua yangu.

Mkono wa kushoto ulikuwa mfukoni muda wote, kama ulivyoagiza. Huu wa kulia ulikuwa na kazi usoni, kazi gani haikuhusu.

Ukiwaambia watu wa Tabora, radi itakuja na treni ya Jumamosi.

Fundi Krispini Kapele